Mizani ya Mfinyanzi

Apandaye gari Mbeya kuelekea Kyela, akaupita mji wa Tukuyu wenye migomba na mashamba ya chai, akateremka hata joto la ziwa likamlaki usoni, aghalabu hukutana na vyungu kabla ya kuliona ziwa lenyewe: vyungu vya Wakisi, vimepangwa katika matenga na kutiliwa majani makavu visigongane, vikipandishwa kwenye baridi ya kwetu. Hufinyangwa na wanawake wa Ikombe, kijiji kilichobanwa baina ya milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa, na huvushwa kwa mitumbwi hadi Matema. Mkono mmoja hukaa ndani ya chungu na wa pili nje, na baina ya mikono hiyo udongo hupungua unene mpaka ukafikia kadiri ambayo mfinyanzi anaijua, ila hawezi kuitaja kwa tarakimu. Nilipomwuliza mama mmoja wa makamo hujuaje kwamba ubavu wa chungu umekwisha kuwa mwembamba wa kutosha, alinitazama kama atazamwavyo mtu anayeuliza njia ilhali amesimama juu yake, akasema, "Mkono wenyewe unakataa, baba."

Jibu hilo lilinikumbusha mwanamke ambaye hakupata kukanyaga ufuko wa Matema, lakini naamini angalilielewa kabla halijaisha kutamkwa. Siti binti Saad alizaliwa takribani mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza unyonge wa nasaba yake kila alipoitwa. Baba yake alikuwa na asili ya Tabora, na mama yake asili ya Tanga, ingawa wote wawili walizaliwa Unguja. Riziki ya nyumba ilitoka katika jembe na katika udongo wa mfinyanzi. Binti alijifunza kufinyanga kwa mama yake, na vyungu vilipokwisha kuchomwa alijitwika akaenda navyo mjini kuviuza, akinadi njiani kwa sauti iliyofika masikioni mwa wanunuzi kabla yeye hajafika milangoni mwao. Elimu ya vitabu hakuwa nayo, mali hakuwa nayo, wala sura yake haikuwa ya kusifiwa na watu wa wakati ule. Alichokuwa nacho ni sauti, na mkono uliozoea kukataa kisichokuwa sawa.

Mwaka 1911 aliihama Fumba akaingia mjini. Huko mwanamuziki aitwaye Ali Muhsin alimsikia, akatambua hidaya iliyokuwa imefichwa chini ya mzigo wa vyungu, akamfundisha kuimba kwa taratibu na kutamka Kiarabu kwa ufasaha. Taarabu ya zama hizo ilikuwa tunu ya wenye jaha: Sultani Barghash ndiye aliyemtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki huo, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kiliuimba kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi wa waja waliokaa mtaa wa Ng'ambo waliistahi bila ya kuifahamu. Siti aliimba kwa Kiswahili. Pamoja na Subeti bin Ambar, Buda bin Suwedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, aliutoa muziki huo katika makasri akaukalisha barazani, na mwanamke aliyeitwa Mtumwa akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima, kwa hukumu ya masikio ya watu.

Mimi nilimjua kwanza kwa santuri. Nilikuwa mtoto mjini Iringa, na mjomba wangu wa Miyomboni alikuwa na sahani chache alizozitunza kuliko nguo zake, moja ikiwa na picha ya mbwa anayesikiliza pembe. Siku moja bibi yangu alikuja kututembelea kutoka kijijini. Kihehe chake kilikuwa kipana kama bonde la Ruaha, lakini Kiswahili chake kilitosha chumvi na salamu tu. Mjomba akaiweka sahani, sindano ikakwaruza, sauti ya Siti ikaingia chumbani. Bibi alitulia kwa ubeti mmoja. Katika ubeti wa pili alianza kupiga kofi dogo juu ya goti, na kofi lile liliangukia penye kina, tena liliangukia sekunde moja kabla ya kina chenyewe, kwa maana alikwisha kujua mahali ambapo mwimbaji atatua. Hakuwa ameelewa maneno kumi. Alikuwa ameelewa kipimo. Juu ya mji ule limesimama jiwe la Gangilonga, ambalo wazee hutafsiri jina lake kuwa jiwe linalosema, na mimi kwa utoto wangu nilidhani kuwa sauti ya Siti imetoka humo.

Ndipo ilipo siri ya sanaa hii ninayoisifu. Ushairi wetu wa kale huhesabu silabi na kuziita mizani, jina lile lile la chombo cha muuza duka, na mtunzi huulizwa uzito wa neno lake kama aulizwavyo auzaye sukari. Utenzi hupewa mizani nane kila mshororo. Shairi la mishororo minne hupewa kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Wimbo hutosheka na mishororo mitatu. Katika nafasi hiyo finyu Siti na wenzake walitia dunia nzima. Tungo nyingi zilisukwa pamoja barazani, jirani akileta habari, mwingine akileta neno, wa tatu akilikataa neno hilo kwa kuwa limezidi silabi moja. Wimbo uitwao Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni na mwuaji aliyetoroka asipatikane, ukailaumu mahakama kwa insafu iliyokosekana, na wasiojua kusoma gazeti wakaipata hukumu hiyo kwa vina. Hasidi walipomtungia Siti wimbo wa kumkejeli kwa ushamba wake na sura yake, hakutukana. Alijibu kwa wimbo, kwa kipimo kile kile, kwamba upungufu wa mtu hukaa kichwani, haukai usoni wala katika ukoo. Hasira isiyo na mizani ingalisahauliwa asubuhi yake.

Wala mtu asidhani kwamba kuhesabu silabi ni ada ya pwani peke yake. Mwaka ule ule wa 1911, Siti alipokuwa akizoea vichochoro vya mji, mwanamke mwingine, Adelaide Crapsey, aliyezaliwa Marekani mwaka 1878, alianza kufundisha ushairi katika chuo cha Smith huko Massachusetts. Kifua kikuu kilikuwa kikimla polepole. Alitumia nguvu zake akipima silabi za mashairi ya Kiingereza, na baada ya kuzitafakari tungo fupi za Wajapani akabuni umbo lake mwenyewe la mishororo mitano: silabi mbili, nne, sita, nane, kisha mbili tena, jumla ishirini na mbili. Tazama umbo hilo linavyotanuka toka kitako, likajaa tumbo, likafunga ghafla shingoni: ni mtungi. Alifariki mwaka 1914, akiwa na miaka 36. Tungo zake zilichapwa mwaka uliofuata, na utafiti wake wa mizani mwaka 1918. Wawili hawa hawakupata kusikiana, na mmoja alikuwa na chuo ilhali wa pili hakuwa nacho; lakini wote wawili walijua kwamba penye nafasi ndogo neno hulazimika kuwa la kweli.

Wako wasemao, tangu siku za mabishano yaliyofuata diwani ya *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, kwamba mizani na vina ni pingu. Sina ugomvi nao, kwa maana mshairi mwenye mkono mzuri hutunga vizuri hata bila ya kuhesabu, na nimekwisha kusoma mashairi yenye mizani kamili yaliyo matupu kama gunzi. Lakini kipimo hakimfungi mtu ila asiyekizoea. Mfinyanzi wa Ikombe hafungwi na unene wa chungu chake. Akiuzidisha chungu hakichemki kwa wakati, akiupunguza kinapasuka motoni, na katikati ya makosa hayo mawili ndipo anapokuwa huru.

Mwaka 1928, ambapo mji wangu wa Mbeya ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na watu waliokuja kwa dhahabu ya Lupa wakitafuta utajiri ardhini, Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay wakatia sauti zao katika sahani za santuri, nazo zikasambaa Afrika Mashariki yote hata zikafika Iringa. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, na yeye hakuacha hazina ya fedha. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kikaliita jarida lake *Sauti ya Siti*.

Sisi wa nyanda za juu tumezoea kusema kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa pwani, nasi tulioanza na Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa tuutazame kwa mbali kama wageni mlangoni. Binti wa Mnyamwezi na Mzigua hakungoja kukaribishwa. Kwa hiyo nawasihi walimu wa Mbeya na Iringa: kabla hamjamwandikia mtoto ubaoni kwamba shairi lina mizani kumi na sita, mwimbieni, mwacheni apige makofi kama bibi yangu, na akosee mara nyingi mpaka mkono wake uanze kukataa. Kalamu mpeni baadaye.