Kuoa na Kuolewa Katika Lugha ya Kampeni: Mfano wa Nchi ya Chai

Kila uchaguzi ukaribiapo huulizwa kama mke au mume wa mgombea humwongezea kura au humpunguzia. Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa kutaja tabia za watu: huyu ni mkarimu, yule ana kiburi, huyu hujua kuwaamkia wazee, yule hashuki garini. Majibu ya namna hii si ya uwongo, lakini hayafiki mbali. Yanaruka jambo ambalo mwanafunzi wa lugha angepaswa kuliona kwanza, nalo ni kwamba mwenzi wa mgombea, kabla hajafungua kinywa jukwaani, amekwisha kuwekwa mahali pake na kitenzi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa, na lugha ya kampeni huurithi mgawanyo huo bila kuuhoji.

Mgawanyo huu una matokeo yake. Mgombea wa kiume aliyeoa mbali na kwao hupata nyumba mbili. Hukaribishwa ukweni kama shemeji au mkwe, na huko nako huomba kura kwa haki ya mahari aliyotoa. Mkewe naye, hata akiwa wa kabila jingine, huhesabiwa kuwa ameletwa, kwa hiyo ni wa hapa. Kwa mgombea wa kike mambo hugeuka: ndoa haimwongezei nyumba ya pili, bali humnyang'anya ya kwanza. Ameolewa, basi amekwenda.

Katika soko kama la Sosiot, huko Belgut, Kaunti ya Kericho, kitenzi hiki hakielei hewani. (Sosiot, kwa Kikipsigis, ni jina la ukindu ambao ufito wake husugulia vibuyu vya mursik, si jina la kigeni lililobandikwa na mkoloni.) Upande mmoja ni mashamba makubwa ya chai yaliyoizunguka Kericho. Upande wa magharibi, pasipo mbali sana, ni Sondu, ambako Wakipsigis na Waluo hukutana sokoni, na ambako mpaka wa Kericho na Kisumu umepata kumwagiwa damu zaidi ya mara moja. Mke wa mgombea atambulishwapo katika nchi hii huitwa "Mama" basi, na neno hilo humtosha. Mwaka 2022 Rachel Ruto aliingia katika kampeni za mumewe kwa jina la Mama Rachel, akiwa na sifa ya vikundi vya akiba vya wanawake alivyovihimiza tangu 2009. Je, mume wa mgombea huitwaje? Kiswahili hakijampa cheo. Hata Tanzania, ambako Samia Suluhu Hassan ni Rais tangu Machi 2021, hakuna jina lililozoeleka la kumwita mumewe mbali na hilo la kwamba ni mumewe.

Mfano ulio bora kuliko yote umetoka katika nchi hiyohiyo ya chai, upande wa Bomet, ambayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa wilaya moja na Kericho. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo ilianguka ikielekea Kericho, kwa shughuli za uchaguzi mdogo wa Ainamoi. Walikufa ndani yake Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na Mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, Mbunge wa Sotik. Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo viti vyote viwili vilijazwa na wanawake: Bomet ilimchagua Beatrice Cherono Kones, mjane wa marehemu, Sotik ilimchagua Joyce Cherono Laboso, dada wa marehemu.

Majina haya yanastahili kusomwa kwa makini. Wote wawili ni Cherono, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa jioni mifugo irudipo nyumbani. Jina la tatu ndilo linalowatenga. Kones ni jina la mume. Laboso ni jina la nyumba aliyozaliwa. Wa kwanza aliingia Bungeni kwa mlango wa kuolewa, na mlango huo haukuhitaji kutetewa, kwani mume alikuwa wa Bomet na mjane wake, kwa sarufi ileile, alikuwa wa Bomet pia. Hakuna aliyeuliza alizaliwa wapi. Wa pili aliingia kwa mlango wa kuzaliwa, na kwake ndoa ilikuwa jambo la kunyamaziwa, maana mumewe, Edwin Abonyo, ni Mluo. Lau karatasi ya kura ingaliandikwa Joyce Abonyo, yamkini mjadala wote ungalikuwa mwingine.

Ukimya huo ulivunjika mwaka 2017, Laboso alipougombea ugavana wa Bomet kwa tikiti ya Jubilee dhidi ya Isaac Ruto aliyekuwa madarakani. Kijembe alichorushiwa kilikuwa kwamba akatafute kura alikoolewa. Kama kijembe, kimetungwa vizuri. Mhakiki hana haja ya kulikana hilo. Neno alikoolewa hubeba mambo mawili kwa pamoja: kirejeshi -ko- humpeleka mwanamke mahali pengine, na kiambishi -lew- humwondolea hiari ya kwenda. Msemaji hana haja ya kutaja Kisumu wala kabila. Msikilizaji hukamilisha mwenyewe, na akishakamilisha hudhani kwamba wazo ni lake. Ukibadili jinsia, ukisema alikooa, kijembe hufa papo hapo. Kinakuwa mwaliko wa harusini.

Hata hivyo kijembe hakikuua. Laboso alishinda, akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini Kenya, pamoja na Charity Ngilu na Anne Waiguru. Ingekuwa haraka kusema kwamba wapiga kura waliikataa sarufi hiyo. Wimbi la Jubilee katika nchi ya Wakalenjin lilikuwa kubwa, na Isaac Ruto mwenyewe, mwezi Aprili mwaka ule, alikuwa amejiunga na muungano wa NASA uliokuwa ukimpigania Raila Odinga. Mtu aliyefunga mkataba wa kisiasa ng'ambo ya mpaka hawezi kumcheka jirani kwa kufunga ndoa huko. Jubilee haikuhitaji kumtetea mume wa Laboso. Ilitosha kuonyesha gavana alikuwa amekaa meza gani. Na katika uchaguzi uleule Beatrice Kones, aliyekuwa nje ya Bunge tangu 2013, alirudi kama Mbunge wa Bomet Mashariki, miaka tisa baada ya kifo cha mumewe, wakati ambapo neno mjane peke yake lisingeweza kueleza ushindi wake.

Wanaokitumia kijembe hiki hudai kwamba wanasema kwa niaba ya mila. Dai hili ndilo dhaifu kuliko yote. Katika desturi za Wakipsigis na jirani zao Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenzake, akatoa ng'ombe za mahari, na akahesabiwa mume katika nyumba ile. Regine Smith Oboler alilichunguza jambo hili kwa Wanandi, akaandika juu yake mwaka 1980. Yaani nchi hii ilijua mwanamke mtenda wa kitenzi oa muda mrefu kabla ya kampeni hizi, na Kiswahili hakizuiwi na chochote kusema kwamba mwanamke ameoa. Kinyume chake, kitenzi kiko tayari. Kinachokosekana ni msemaji wa jukwaani aliye tayari kukitumia.

Joyce Laboso alifariki tarehe 29 Julai 2019, kabla hajamaliza muhula wake. Alizikwa mwezi uliofuata Fort Ternan, upande wa Kisumu, nyumbani kwa mumewe, na waombolezaji wa Bomet walivuka mpaka kwenda kumzika.