Kila Jiwe na Mahali Pake

Mtambo wa kuchoronga ukiingia kwenye kilima chenye makaa ya mawe huko Pennsylvania au West Virginia, vipande vya mwamba unaovitoa havitupwi. Hukusanywa kwa kila mita moja hivi ya kina, hutiwa kwenye mfuko, na mfuko huandikwa umetoka wapi. Kisha fundi huchukua kipande, hukidondoshea tone la asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, akakisogeza karibu na uso. Jiwe lenye chokaa hutoa povu papo hapo, likachemka hata ukalisikia. Lisilo na chokaa hutulia tu. Lile jeusi la udongo mgumu linalolala juu ya makaa mara nyingi hutulia, na hilo ndilo linalotia hofu.

Ndani yake mna pairiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Jiwe likiwa limefukiwa mbali na hewa, pairiti hukaa mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu. Mgodi wa wazi unapolivunja jiwe hilo, hewa na mvua hulifikia, na maji yanayotoka huwa na asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Mwaka 1947, watafiti Colmer na Hinkle wa West Virginia walieleza bakteria waliowakuta kwenye maji ya migodi ya makaa, viumbe wanaopata nguvu zao kutokana na chuma hicho na kuiharakisha kazi hiyo ya uharibifu. Pairiti iliyo mbaya kuliko zote haionekani kwa macho: ni chembechembe zilizoshikana kama tunda la forosadi, na kwa kuwa zina uso mpana wa kuguswa na hewa, huoza upesi. Mto ulio chini ya kilima hugeuka rangi ya chungwa, samaki wakaisha.

Kwa hiyo kabla ya tingatinga kugusa udongo, inapigwa hesabu. Asilimia ya salfa iliyo katika pairiti huzidishwa kwa 31.25, na jibu ni tani za chokaa zinazohitajika kuizima asidi ya tani 1,000 za mwamba. Mwamba wenye asilimia 2 unadai tani 62.5. Hapo huondolewa chokaa ambayo mwamba wenyewe unayo, na kinachobaki ndicho deni. Njia hii ilikomaa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha West Virginia, na naiheshimu sana kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuikagua. Ina upungufu wake: inataja kiasi, haitaji kasi. Mafundi makini hawaishii hapo. Huujaza mwamba kwenye bomba, wakaupitishia hewa na maji kwa wiki nyingi, wakipima kila kinachochuruzika.

Halafu huja kazi ya mkono, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 iliyotiwa saini na Rais Carter inadai kilima kirudishiwe umbo linalokaribia lile la awali, na maji yaliyo nje ya eneo la mgodi yasiharibiwe. Lakini sheria haiendeshi mtambo. Opereta ndiye anayepaswa kujua kwamba kifusi cheusi hakiachwi kwenye sakafu ya shimo, kwa sababu maji ya ardhini yatarudi pale. Hukinyanyua, hukipanga tabaka kwa tabaka pamoja na chokaa, hukishindilia, hukifunika kwa udongo wa mfinyanzi, juu ya kina ambacho maji yatafika na mbali na njia ya mvua inayopenya. Kwingineko hufanywa kinyume: jiwe huzamishwa chini kabisa, mahali ambapo maji hayatakauka kamwe na hewa haitafika. Pabaya ni katikati, pale maji yanapopanda masika na kushuka kiangazi, yakilowesha na kukausha. Kupakadiria mahali hapo katika kilima ambacho bado hakijajengwa upya ni ustadi ninaouvulia kofia.

Na mkono uleule ulioshindilia chini sharti ulegeze juu. Kwa miaka mingi migodi ilishindilia uso wa ardhi hadi ukawa mgumu kama barabara. Mvua ikateleza juu yake na tope likaingia mitoni, miti ikadumaa. Sasa wataalamu wa misitu wanashauri mita 1.2 za juu zimwagwe tu na kusawazishwa kidogo, zibaki na mabonde madogo. Mitaro ya kuelekeza maji safi pembeni na mabwawa ya kutuliza tope ni mambo ya lazima, lakini hayo hujifunzwa upesi.

Migodi ya zamani iliyotelekezwa inahitaji tiba. Mojawapo ni handaki lililojazwa mawe ya chokaa na kuzibwa lisipate hewa, maana hewa ikiingia chuma huyapaka mawe kutu na yakaacha kuyeyuka. Maji hutoka humo, hupumzika bwawani yakiacha chuma, kisha hupita kwenye matete. Maji yakiwa na alumini nyingi, handaki huziba. Ni kazi nzuri, ila inagharimu na haina mwisho.

Msomaji wa Geita au Tarime asidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Mwamba wa dhahabu nao una pairiti, na mvua inayonyesha juu ya magwangala, yaani vifusi vya mgodi, huelekea Ziwa Victoria. Swali ni lilelile: jiwe lipi limewekwa wapi?

Huko Pennsylvania na West Virginia, majimbo yenye mvua nyingi, kampuni huweka dhamana ya fedha, na sehemu ya mwisho hairudishwi kabla ya miaka 5 tangu mbegu za mwisho kupandwa. Visima vya uangalizi hupimwa kila robo mwaka. Mpimaji huvuta kwanza maji yaliyolala kisimani, akasubiri joto na kiwango cha asidi vitulie, ndipo ajaze chupa. Kwa maoni yangu miaka 5 ni michache. Maji ya ardhini yanaweza kuchukua muda mrefu zaidi kupanda ndani ya kifusi, na mpaka yapande, hakuna anayejua kama opereta yule alilikadiria vema lile eneo la katikati.