Menotti na Benchi la Kungojea

Wapo wahakiki wanaomwona Gian Carlo Menotti kuwa mtunzi aliyechelewa kuzaliwa. Eti muziki wake ni mtamu mno, unamfuata Puccini wakati wenzake walikwisha kuachana naye zamani. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni The Consul, opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza Philadelphia, Machi 1950, na ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka huohuo.

Menotti alizaliwa Italia mwaka 1911, akaenda Marekani mwaka 1928 kusomea muziki. Alikaa huko miaka mingi, akitunga muziki na maneno yake mwenyewe kwa Kiingereza, lakini uraia wa Italia hakuuacha mpaka anafariki mwaka 2007.

Kisa ni hiki. Mume wa Magda Sorel anawindwa na polisi wa siri, anatorokea mpakani. Magda anakwenda ubalozini kuomba viza. Balozi mwenyewe haonani naye. Yupo karani tu. Jaza fomu hii, lete karatasi ile, njoo kesho. Huku akizungushwa, mtoto wake anakufa, mama mkwe anakufa, na mwisho Magda anajiua kwa gesi.

Sasa tuitazame fani. Kwenye benchi la kungojea yupo mwanamke mgeni anayeimba Kiitalia. Karani haelewi kitu, mpaka mwombaji mwenzake amtafsirie. Hiyo jamani ndiyo lugha ya mama ya mtunzi! Kaiweka kinywani mwa mtu asiyeeleweka. Na wimbo wenyewe ni mtamu, utamu uleule anaolaumiwa nao. Lakini hapa utamu una kazi: sisi watazamaji tunaipata huzuni ya yule mama kabla hata ya tafsiri. Karani peke yake ndiye anayengoja maneno. Muziki mgumu, wa kukatakata, ungetufanya sote tuwe kama karani.

Kasoro zipo. Ile ndoto ya Magda anapokata roho, ambamo watu wa ubalozini wanamrudia, inatueleza tena tuliyokwisha kuyaelewa, tena kwa kirefu.

Hata hivyo, mimi nimewahi kukaa siku tatu kwenye benchi la ofisi fulani kwa ajili ya karatasi moja. Siku ya tatu nilijikuta nikimshukuru karani kwa kuniambia nirudi Jumatatu. Opera hii ndiyo iliyonionyesha kwamba shukrani ile ilikuwa aibu. Mwenye kuiita ya kizamani na atuambie kwanza ni lini mabenchi hayo yaliondolewa.