Majina ya Manus

Behrouz Boochani, Mkurdi wa Iran, aliandika No Friend But the Mountains kwa simu akiwa kisiwani Manus, Papua New Guinea, ambako Australia ilikuwa inawazuia wakimbizi. Alituma vipande kwa WhatsApp, kitabu kikatoka 2018. Jina lake liko kwenye jalada. Wenzake wengi lakini wamepewa majina ya utani. Reza Barati, aliyeuawa mle kizuizini 2014, anatajwa kwa jina lake halisi.

Kuna wanaosema anayeficha jina ni mwoga. Mimi nakataa. Mtu bado ana kesi, ana mama kule nyumbani, na meseji ikishasambaa hairudi. Hapa kambini dada mmoja wa kundi letu la vijana aliandika kuhusu mgao kwenye grupu, kwa jina la kubuni. Kesho yake hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Wote waliuliza ni nani.

Kinachonikera kitabuni ni yule anayeitwa Ng'ombe, kwa vile kila siku ni wa kwanza kwenye foleni ya chakula. Jina halisi halitajwi, sawa. Ila jina hilo hakuchagua yeye. (Nani hapa hajawahi kuwahi foleni?) Dada yetu lake alijichagulia mwenyewe.