Istilahi za Kutengeneza Mfumo wa Kompyuta ya Nyumbani: Tahakiki

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, uundaji na usanifishaji wa istilahi umekuwa miongoni mwa kazi zake zenye uzito mkubwa. Katika taaluma ya kompyuta juhudi hizo zimeungwa mkono na wengi. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili; na katikati ya muongo huo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa nyongeza ya Kiswahili kwa Windows XP. Maneno kama vile faili, programu, tovuti na barua pepe yamekwisha kuota mizizi, na hapana haja ya kuyajadili tena.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza fungu moja tu la istilahi hizo, nalo ni lile la kutambua hitilafu za mfumo endeshi na kuutunza mfumo huo. Tumelichagua kwa sababu maalumu. Istilahi nyingine zikikosewa, msomaji hutatizika kidogo kisha akaendelea. Istilahi ya matengenezo ikikosewa, msomaji hupoteza mali yake.

Mwalimu mmoja tunayemfahamu alipewa karatasi ya maelekezo ya Kiswahili kwa ajili ya kompyuta yake iliyokuwa ikienda polepole. Maelekezo yalisema: "Umbiza kiendeshi, kisha sakinisha mfumo upya." Mwalimu alilijua neno umbiza kutokana na kuandika barua, huko humaanisha kuyapa maandishi umbo zuri, kwa kukoza herufi na kupanga aya. Basi alidhani kwamba anaambiwa aipe mashine yake umbo zuri. Onyo lilitokea kwenye skrini kwa Kiingereza, naye akalipita. Alama za wanafunzi wake za mihula miwili zikapotea. Aliyeiandika karatasi ile hakukosea kanuni yoyote ya sarufi, na aliyeisoma hakuwa mjinga. Kasoro ilikuwamo katika istilahi zenyewe.

1. Mzizi mmoja wenye mizigo minne

Tuanze na kitenzi endesha. Kitenzi hiki kimebebeshwa kazi nne katika maelezo ya kompyuta. Mfumo unaoisimamia mashine nzima huitwa mfumo endeshi. Kuianzisha programu ili ifanye kazi huitwa kuiendesha. Chombo cha kuhifadhia data huitwa kiendeshi. Na ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa kama printa au kadi ya sauti huitwa kiendeshaji, na mara nyingine nayo huitwa kiendeshi.

Mtu aliyeketi na kamusi huona hapa utaratibu mzuri, kwa kuwa maneno yote yametoka katika mzizi mmoja na viambishi vyake vinajulikana. Lakini matengenezo ya kompyuta za nyumbani hayafanywi kwa kamusi. Aghalabu hufanywa kwa simu: fundi yuko Kariakoo na mwenye mashine yuko Morogoro. Fundi anaposema "ondoa kiendeshaji cha sauti, kisha ukiweke upya," ni silabi mbili tu zinazomtenga msikilizaji na kiendeshi chenye nyaraka zake zote. Kukiondoa kiendeshaji ni jambo dogo, maana kwa kawaida mfumo hukitafuta tena mashine inapowashwa. Kukigusa kiendeshi ni jambo jingine kabisa.

Aidha, neno kiendeshi kwa maana ya chombo cha kuhifadhia limefuata taswira ya Kiingereza ambayo hata huko imekwisha kufa. Jina lile lilitokana na mtambo wenye mota uliokuwa ukiizungusha diski. Katika kompyuta nyingi za leo hifadhi imekuwa chipu tupu, wala hamna kinachozunguka. Hatuoni sababu ya Kiswahili kurithi mota ambayo haimo tena.

Mafundi wetu wamekwisha kulitatua tatizo hili bila kikao. Chombo cha kuhifadhia wanakiita diski, na programu ya kifaa wanaiita draiva. Tunajua kwamba wapo watakaosema kuwa draiva ni neno la mtaani, na kwamba tayari tunalo dereva lililotoka katika neno hilo hilo la Kiingereza. Hoja hiyo haina nguvu. Kiswahili kimezoea kupokea neno moja kwa njia mbili na kuligawia kazi mbili. Karata tuliipata kwa Wareno na kadi tukaipata kwa Waingereza. Asili yao ni moja, lakini hakuna anayecheza kadi akidhani amealikwa harusini. Vivyo hivyo dereva na abaki barabarani, na draiva ikae ndani ya kompyuta. Mzizi wa endesha uachiwe mfumo endeshi na kitendo cha kuendesha programu, na hiyo ni mizigo inayoubebeka.

2. Neno linaloficha hasara

Tumeona jinsi umbiza lilivyomponza mwalimu. Tukiuchunguza mzizi wake, tunakuta umba na umbo, maneno yanayobeba maana ya kutengeneza na kutoa kitu kipya. Mswahili hawezi kusikia ndani ya umba harufu yoyote ya kuangamiza. Ilhali kuiumbiza diski, kwa mtu aliyekwisha kuitumia, maana yake ya kwanza ni kwamba vilivyomo havitapatikana tena kwa njia ya kawaida.

Ni kweli kwamba kuna daraja. Uumbizaji wa haraka huanzisha upya orodha ya mahali faili zilipo. Katika diski zinazozunguka maudhui yenyewe huweza kubaki kwa muda, mpaka mengine yaandikwe juu yake. Ndiyo maana mtu aliyepatwa na mkasa huo hushauriwa asiandike chochote katika diski hiyo kabla ya kumwona fundi. Uumbizaji kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri katika diski nzima, na baada ya hapo hakuna cha kuokoa. Tofauti hii ni kubwa, na neno umbiza halimwambii msomaji lolote juu yake.

Tunapendekeza kanuni moja rahisi: kitendo chochote kinachoondoa data ya mtumiaji kiwe na neno futa ndani ya jina lake. Umbiza libaki katika uandishi, ambako linafaa sana. Kwa diski tuseme "futa na panga diski upya." Tutaambiwa kwamba hiyo si istilahi bali ni maelezo, na kwamba ni ndefu. Tunakubali kuwa ni ndefu. Istilahi fupi huokoa nafasi ya karatasi, lakini hii ndefu ingaliokoa alama za mihula miwili.

3. Kurejesha, lakini kurejesha nini?

Kitenzi rejesha kinatumika kwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kuurudisha mfumo katika hali ya siku iliyopita. Huduma hii iliingia katika Windows Me ya mwaka 2000. Hurudisha mipangilio na faili za mfumo, na huweza kuondoa programu zilizowekwa baada ya siku ile, lakini haigusi nyaraka za mtumiaji. La pili ni kuirudisha kompyuta nzima katika upya wake. Katika Windows 10 ya mwaka 2015 na Windows 11, mtumiaji huulizwa kama anataka faili zake zibaki au kila kitu kiondolewe. La tatu ni kuipata tena faili iliyofutwa.

Basi mtu akiambiwa "rejesha kompyuta yako," amewekwa katika njia panda yenye barabara tatu bila kibao. Ya kwanza haina hatari kubwa, ya pili huweza kumwacha mikono mitupu, na ya tatu ni ya uokoaji. Zaidi ya hayo, kurejesha kwa Mswahili ni tendo la heri. Kitu kilichorejeshwa kimemrudia mwenyewe. Hatazamii kwamba kwa kurejesha atanyang'anywa.

Sisi tungeligawa fungu hili hivi: kwa jambo la kwanza, "rudisha mfumo nyuma", kwa la pili, "anza upya na faili" au "anza upya kwa kufuta," kulingana na chaguo, na kwa la tatu, "okoa faili." Kitenzi okoa kinajulikana na kila mtu, na humfahamisha msikilizaji kwamba uokoaji wenyewe huenda usifanikiwe.

4. Hali ya usalama

Istilahi nyingine inayotutatiza ni "hali ya usalama," inayotajwa pale kompyuta inapowashwa kwa draiva na huduma chache za lazima tu. Manufaa ya uwashaji huo ni katika kutambua chanzo: hitilafu ikitoweka, basi yaelekea chanzo chake kimo katika yale yaliyoachwa nje. Lakini sikio la msomaji wetu limezoea kusikia "hali ya usalama" katika taarifa za habari, na hutarajia kuelezwa juu ya mipaka ya nchi. Na hata akielewa kwamba inayozungumziwa ni kompyuta, hudhani kuwa sasa mashine yake imekingwa dhidi ya virusi, jambo ambalo si kweli. Tunaona kwamba "uwashaji pungufu" hueleza jambo lenyewe vizuri zaidi, maana mashine imewaka ikiwa na upungufu uliokusudiwa.

5. Yaliyofaulu, na lililo karibu kufaulu

Hatutatenda haki tukiyataja mabaya peke yake. Sakinisha limetokana na sakini, yaani kukaa mahali; programu iliyosakinishwa imepewa makazi ndani ya mashine, na kuiondoa ni kuihamisha. Sasisha ni zuri zaidi, kwani mtu akijua sasa amekwisha kuijua maana yake. Hitilafu limetoka katika umeme na mitambo, na limeingia katika kompyuta bila kubadili mavazi. Na kuganda, kwa mashine isiyosikia tena amri, ni neno la watu lisilohitaji marekebisho.

Lakini kando ya sasisha kumewekwa boresha, kwa maana ya kuliacha toleo moja na kuingia jingine. Jambo hili sasa ni la dharura. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha marekebisho ya kawaida ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Mamilioni ya watu wanatakiwa kubadili toleo, na baadhi ya mashine hazina sifa za kulipokea toleo jipya. Kumwambia mwenye mashine ya namna hiyo "boresha" ni kumwahidi jambo ambalo huenda asilipate. Tungesema "hamia toleo jipya." Anayehama huuliza kwanza kama nyumba mpya itamtosha, na kabla ya kutoka hufunga mizigo yake. Kwa mwenye kompyuta mizigo hiyo ni nakala za akiba, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba akiba haiozi.

Hitimisho

Yapo maneno ambayo mafundi wanayo nasi hatujayaandika. Kwa mfano, mjini Dar es Salaam kuweka mfumo upya huitwa "kupiga windo." Hatusemi kwamba kila neno la fundi lisanifishwe, hilo limefungwa katika jina la bidhaa moja na halifai kwa mifumo mingine. Tunasema tu kwamba fundi aulizwe kabla ya orodha kupitishwa, kwa kuwa yeye ndiye anayeletewa mashine baada ya istilahi kushindwa.

Kipimo chetu ni kimoja. Istilahi ya matengenezo isomwe kwa sauti, kupitia simu, kwa mtu ambaye hajui Kiingereza na ambaye mali yake imo ndani ya mashine. Akiuzuia mkono wake pale panapostahili kuzuiwa, istilahi imefaulu. Asipouzuia, irudishwe kwetu tuliounda, hata kama mzizi wake ni safi. Tunawaalika wasomaji, na hasa mafundi, watuletee maneno wanayoyatumia katika kazi zao ili yapimwe kwa kipimo hicho.