Mkono wa Fundi Chokaa

Anayesafiri peke yake hulala akizungumza na nyumba. Hana mwenzake wa kupiga naye soga usiku, basi macho yake hutambaa ukutani mpaka usingizi umchukue. Ndiyo maana nikienda Unguja huziacha hoteli mpya za ufukweni nikatafuta chumba Mji Mkongwe, ndani ya majumba ya zamani yaliyogeuzwa nyumba za wageni: ngazi za kukata pumzi, kitanda cha samadari kilichoinuka hadi unakikwea, vidaka ukutani, na chumba chembamba cha mita tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Watu husifu milango ya nakshi, na inastahili. Mimi nausifu ukuta.

Safari hii nilimkuta fundi mwenyewe kazini, ukumbi wa chini. Nilimwamkia, akaitikia bila kuuweka mwiko. Alikuwa amebandua lipu ya saruji iliyopigwa na waliomtangulia, na nyuma yake matumbawe yalikuwa yamelowa chepechepe, yanamomonyoka kwa ukucha. Aliurushia ukuta maji kwa brashi, akangoja, akaugusa kwa mgongo wa kiganja. "Bado una kiu huu," akasema, akaurushia tena. Kisha akachota chokaa pipani, chokaa iliyolowekwa miezi mingi ikawa laini mithili ya samli, akaichanganya na mchanga na udongo mwekundu. Hakuipaka, aliivurumisha kwa mwiko ikaingia kila tundu la jiwe, ndipo akaisawazisha. Sehemu aliyoimaliza jana aliigonga kwa vifundo vya vidole, sikio karibu na ukuta. Palipoitika kwa mlio mtupu alipabomoa, akaanza upya. Hakuna mgeni ambaye angepagundua pale. Palikuwa nyuma ya kabati.

Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huuachia utoke polepole. Saruji huufungia ndani, ukapanda hadi kwenye vichwa vya boriti, vikaoza vikiwa vimejificha, na juu yake amelala mtu. Wazee walilijua hilo, na subira ya kulifuata walikuwa nayo. Paa la nyumba kubwa lilipomwagiwa chokaa na kokoto, watu walikusanyika, wake kwa waume, wakaliponda kwa vipande vya miti siku baada ya siku, nyimbo zikiongoza mapigo, mpaka likawa gumu lisilopitisha mvua. Hebu fikiria: paa lililojengwa kwa kuimbiwa! Leo tunaletewa mifuko ya saruji kwa gari, na kazi inakwisha kabla ya alasiri.

Mwaka 2000 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, nasi tukashangilia. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mjini humo alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tuliomboleza, tukasambaziana picha. Kisha tukarudia mazoea.

Kinachoniuma ni kwamba nyumba hizi zinaingiza fedha. Mgeni hulipia ukale, akapiga picha vidaka na kulala chini ya boriti za zamani, na bado mwenye hoteli humpa fundi siku chache tu kabla ya msimu kufunguliwa. Chokaa inataka majuma, ikiharakishwa hupasuka. Yule fundi wa ukumbini hukataa kazi za namna hiyo. Basi huitwa kijana mwenye saruji na ndoo ya rangi ya mafuta, ukuta unang'aa mwaka mmoja, wa pili unatoa malengelenge, na lawama anatupiwa marehemu aliyeujenga.

Nilimuuliza yule fundi nani anajifunza kwake. Akanitajia mpwa wake, ambaye sasa anaendesha bodaboda.