Sifa ya Mwashi wa Chokaa

Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, ambamo siku hizi viyoyozi hunguruma usiku kucha, mtu atakaye kupunguza gharama ya umeme aghalabu humwendea fundi wa umeme. Nami nasema, kwa yakini, kwamba wa kuitwa kwanza ni mwashi aijuaye chokaa.

Kuta hizo, ambazo unene wake wakaribia nusu mita, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na joto la mchana huzipenya polepole mno, hata likikaribia kufika ndani, jua limekwisha kuchwa. Lakini fadhila hiyo ina sharti: ukuta uwe mkavu, kwani uliolowa hupitisha joto upesi zaidi. Unyevu hupanda kutoka ardhini na huingia na mvua za masika, na chokaa huuachilia utoke. Saruji, ambayo wengi waliipaka kwa kutamani uimara, huufungia humo humo, chumvi ikayala mawe, hewa ya chumbani ikawa nzito, na mwenye nyumba, asijue asili ya dhiki yake, akanunua kiyoyozi.

Mwashi huibandua saruji hiyo kwa patasi, taratibu, asije akalijeruhi jiwe, kisha huuacha ukuta ukauke, hata kwa miezi ikibidi. Chokaa iliyochomwa tanuuni, ikazimwa kwa maji na kulazwa shimoni hata ikalainika kama samli, huipaka tabaka nyembamba juu ya tabaka, akiinyunyizia maji na kuikinga na jua kwa magunia, maana haiwi ngumu kwa kukauka tu, bali kwa kuitwaa tena hewa ya ukaa iliyofukuzwa na moto, mpaka irudie ujiwe wake. Mimi nauhesabu ustadi huu kuwa ni elimu kamili, na nasikitika kuona ukilipwa ujira wa kibarua.

Mwisho hupaka niru nyeupe, inayorudisha nuru ya jua ilikotoka. Na aliye hodari haishii ukutani: ua ulioezekwa mabati hushauri ufunuliwe, hewa ya moto ipae na ile ya kichochoro chenye kivuli ishike mahali pake, na juu ya dari, kama ilivyo desturi ya Lamu, huagiza paa la makuti.